Sura ya 5: Dhoruba ya Anga za Juu Inatuhusu Nini Sisi wa Ikweta?

Kwa miaka mingi ujumbe uleule umekuwa ukitumwa kutoka simu hadi simu: leo usiku, kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu, miale ya hatari kutoka angani itapita karibu na Dunia, zimeni simu, msilale nazo karibu na kichwa. Mtu anayeupokea Ntoto, huko Kivu nchini Kongo, pale milima ya Masisi inapopakana na misitu ya Walikale, hubaki na maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli? La pili lina uzito zaidi: ikiwa huko juu kuna dhoruba, zinafika kwetu, au ni mambo ya nchi za theluji ambako watu huona mbingu ikigeuka kijani na nyekundu?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Ujumbe huo ni uongo. Hakuna miale inayopita kwa saa maalumu usiku na kumdhuru aliyelala na simu.

Swali la pili ndilo la sura hii. Dhoruba za anga za juu zipo, na zinafika. Sehemu yake kubwa hupikwa nyuma ya Dunia, upande wa usiku, juu kabisa ya vichwa vya watu wa ikweta. Na kipimo kinachotumiwa duniani kote kusema dhoruba hii ni ndogo na ile ni kubwa kinategemea mkondo wa umeme unaozunguka juu ya ikweta. Kwa hiyo mtu wa Ntoto hayuko pembeni ya habari hii.

## Mambo matatu yanayochanganywa

Watu husema "dhoruba ya jua" wakimaanisha mambo matatu tofauti. Tuyatenganishe kwanza.

1. Mwako wa jua. Ni mlipuko kwenye uso wa Jua unaotoa mwanga mkali, pamoja na mionzi isiyoonekana kwa macho. Unasafiri kwa kasi ya mwanga na kutufikia kwa dakika 8 hivi. Huathiri upande wa Dunia ulio mchana tu.
2. Wingu la jua. Ni mabilioni ya tani za chembe zenye chaji ya umeme, zinazorushwa angani zikiwa zimebeba nguvu ya sumaku. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi nne kufika. Lile la mwaka 1859, lililovuruga mitambo ya telegrafu Ulaya na Marekani, lilifika kwa saa 18 tu.
3. Dhoruba ya sumaku. Ni matokeo ya wingu hilo kuigonga Dunia. Haitokei kwenye Jua. Inatokea hapa, katika anga linaloizunguka Dunia, na inaweza kudumu siku kadhaa.

Sura hii inahusu jambo la tatu, ingawa tutakutana tena na la kwanza tutakapofika kwenye redio.

## Mkia wa Dunia uko wapi?

Dunia ni sumaku. Ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini, iwe Ntoto au Unguja. Eneo lote ambamo nguvu ya sumaku hiyo inafanya kazi huitwa uga wa sumaku, nao umetanda mbali sana nje ya hewa tunayovuta.

Jua nalo halitulii. Mchana na usiku hutoa upepo wa jua, yaani mtiririko wa chembe ndogo mno zenye chaji, hasa protoni na elektroni. Kasi yake ya kawaida ni kilomita 400 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, safari ya kutoka Goma hadi Kinshasa ingekwisha kwa sekunde nne.

Upepo huu unapokutana na uga wa Dunia hauwezi kuupenya kirahisi, kwa hiyo huusukuma. Upande wa mchana uga hubanwa mpaka kubaki kama kilomita 64,000 kutoka katikati ya Dunia. Upande wa usiku hali ni kinyume: uga huvutwa nyuma, ukarefuka kupita umbali wa Mwezi, ambao ni kilomita 384,000. Sehemu hiyo ndefu ya upande wa usiku ndiyo mkia wa sumaku. Upana wake ni zaidi ya mara 20 ya kipenyo cha Dunia.

Kwa kuwa Ntoto iko karibu na ikweta, anayesimama pale usiku wa manane na kutazama juu wima huwa anatazama ndani ya mkia huo. Usiku wa mbalamwezi, mwezi unapokuwa mpevu, Mwezi wenyewe huwa uko mle ndani; hukaa humo siku kadhaa kila mwezi, kisha hutoka upande wa pili.

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Novemba 1963 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo IMP-1, iliyobeba kipimo cha sumaku. Mwaka 1965 mwanasayansi Norman Ness alionyesha, kwa kutumia vipimo vyake, kwamba uga wa Dunia kweli umevutwa kuwa mkia, na kwamba katikati ya mkia huo pana mpaka mwembamba ambapo sumaku hubadili mwelekeo ghafla. Mpaka huo ndio kiini cha habari yetu.

## Mkondo unaovuka mkia

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu nayo. Tangu hapo tunajua kwamba umeme unaotembea huzaa sumaku. Kanuni hiyo husomeka pia kutoka upande wa pili: ukikuta sumaku inabadili mwelekeo ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine, jua kwamba kati ya sehemu hizo kuna umeme unapita.

Mkia wa Dunia una nusu mbili. Katika nusu ya kaskazini, uga unaelekea Dunia. Katika nusu ya kusini, unaondoka Dunia. Nusu hizo zimekaa moja juu ya nyingine zikielekea pande tofauti, kwa hiyo kati yao lazima upite umeme. Nao kweli unapita, katika tabaka pana lenye chembe za moto, kutoka upande wa mapambazuko kwenda upande wa machweo. Huu ndio mkondo wa mkia. Kwa mtu aliyesimama Ntoto saa sita usiku, mkondo huo unavuka juu yake kutoka mashariki kwenda magharibi, makumi ya maelfu ya kilomita kutoka alipo. Ukifika ukingoni mwa mkia hugawanyika, ukazunguka juu na chini ya mkia na kurudi ulikoanzia. Hakuna waya. Chembe zenyewe ndizo zinazobeba umeme: zenye chaji chanya zikielekea upande mmoja, zenye chaji hasi zikielekea mwingine.

Ukubwa wake unaweza kukokotolewa. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa nanotesla. Ardhini Ntoto uga wa Dunia una zaidi ya nanotesla 30,000. Katika mkia ni mdogo sana, nanotesla 20 hivi siku tulivu. Hata hivyo, kuugeuza uga mdogo kiasi hicho kunahitaji amperi 30 hivi za umeme kwa kila kilomita ya urefu wa mkia. Katika kilomita 100,000 hizo ni amperi milioni 3. Na hapo bado hakuna dhoruba.

Kwa ufupi hadi hapa: upepo wa jua huuvuta uga wa Dunia ukawa mkia, mkia una nusu mbili zenye mielekeo inayopingana, kati ya nusu hizo unapita mkondo mkubwa wa umeme, na kwa aliye ikweta usiku wa manane, mkondo huo uko juu yake.

## Dhoruba inapofika

Wingu la jua huja na sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kaskazini, Dunia hustahimili na madhara huwa madogo. Ikielekea kusini, inapingana na uga wa Dunia pale mbele zinapokutana. Sumaku zinazopingana hivyo zinaweza kukatana na kuungana upya, huku mistari ya uga wa Dunia ikijifunga kwenye mistari ya wingu. Wanasayansi huita tendo hilo muungano mpya wa sumaku. Baada ya hapo, kila kinachotokea mkiani hufuata hatua hizi:

1. Mkia unajazwa. Mistari iliyofungamana na wingu huburutwa nyuma na kurundikana kwenye nusu mbili za mkia. Uga wa mkia unaongezeka, na mkondo unaopita kati ya nusu hizo lazima uongezeke pamoja nao.
2. Mkondo unabanwa. Tabaka linalobeba umeme, ambalo siku tulivu lina unene wa zaidi ya kilomita 10,000, linazidi kuwa jembamba. Linaweza kufikia kilomita elfu moja au mbili, na katika dakika za mwisho hata mia kadhaa. Wakati huohuo ukingo wake wa ndani unasogea karibu zaidi na Dunia. Hatua hizi mbili huchukua kama nusu saa hadi saa nzima.
3. Mkondo unakatika. Tabaka likishakuwa jembamba kupita kiasi, sumaku za nusu mbili zinakutana na kuungana katikati ya mkia. Mistari iliyokuwa imevutwa mbali inarudi kwa nguvu kuelekea Dunia, ikisukuma chembe mbele yake.
4. Umeme unatafuta njia nyingine. Sehemu ya mkondo iliyokuwa ikivuka mkia haiwezi tena kuendelea moja kwa moja. Inateremka kwa kufuata mistari ya sumaku mpaka anga la juu la nchi za karibu na ncha za Dunia, inapita huko kwa muda, kisha inapanda kurudi mkiani upande wa machweo. Robert McPherron na wenzake walieleza njia hiyo mwaka 1973. Amperi zinazopita humo zinaweza kufika milioni moja.
5. Mkia unatulia, ukisubiri kujazwa tena.

Mtoto wa Masisi anayecheza na manati anaielewa hatua ya tatu kuliko watu wengi. Anavuta mpira taratibu, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyoweka nguvu ndani yake. Jiwe bado limetulia. Akiachia, nguvu zote za mvuto ule wa polepole zinatoka mara moja, na jiwe linaruka kuelekea mbele. Mkia nao hukusanya kwa saa nzima na kutoa kwa dakika chache.

Mzunguko mzima huchukua saa mbili au tatu, na huitwa dhoruba ndogo. Syun-Ichi Akasofu aliuelezea mwaka 1964 kwa kulinganisha picha za mianga ya angani, ile ya kijani na nyekundu, ambayo huwaka pale chembe zinazoteremka katika hatua ya nne zinapogonga hewa.

Ilibaki hoja moja iliyobishaniwa miaka mingi: je, mkondo hukatika kwanza karibu na Dunia, au muungano wa sumaku hutangulia mbali mkiani? Februari 2007 Marekani ilirusha setilaiti tano za mradi wa THEMIS, zikapangwa kwenye mkia kwa umbali tofauti ili zione nani anatangulia. Tarehe 26 Februari 2008 zilinasa dhoruba ndogo tangu mwanzo wake. Muungano ulianzia mbali, karibu kilomita 128,000 kutoka Dunia, na dakika moja na nusu baadaye mianga ikawaka kaskazini. Tukio hilo liliwapa nguvu walioamini kwamba mbali ndiko kunakoanza.

Ulaya nayo ilikuwa imetuma setilaiti nne za mradi wa Cluster mwaka 2000, zikiruka pamoja ili kupima unene wa tabaka lile la umeme. Zilipewa majina ya ngoma: Salsa, Samba, Tango, na Rumba. Msomaji wa Kongo ana haki ya kufurahi kwamba moja ya setilaiti zilizoupima mkia wa Dunia ilibeba jina la muziki wetu, rumba.

## Pete iliyo juu ya ikweta, na roketi ya Malindi

Dhoruba kubwa ni zaidi ya dhoruba ndogo moja. Wingu la jua likiendelea kuelekeza sumaku yake kusini kwa saa nyingi, mkia hujazwa na kuachia tena na tena bila kupumzika. Kila unapoachia, chembe husukumwa kuelekea Dunia. Zikifika umbali wa kilomita 20,000 hadi 45,000 hivi kutoka katikati ya Dunia, uga wenye nguvu wa hapo huzishika na kuzizungusha: chaji chanya kuelekea magharibi, chaji hasi kuelekea mashariki. Matokeo yake ni umeme unaozunguka Dunia nzima juu ya ikweta. Huu huitwa mkondo wa pete.

Ujuzi wa mkondo huu una mizizi kwenye pwani ya Waswahili. Tarehe 15 Novemba 1971, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iitwayo Explorer 45. Pwani hiyo ilifaa kwa sababu roketi inayoanzia karibu na ikweta huingia kirahisi katika njia inayozunguka juu ya ikweta, na hapo ndipo mkondo wa pete ulipo. Kazi ya setilaiti hiyo ilikuwa hasa kuchunguza dhoruba za sumaku. Mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, katikati ya Desemba 1971, dhoruba ilitokea setilaiti ikiwa ndani ya mkondo huo. Vipimo vyake vilionyesha jinsi chembe zinavyoingia kutoka upande wa usiku na kuijaza pete, na kwamba mwanzoni pete haikamiliki: huwa nzito zaidi upande wa machweo. Hukamilika baadaye, dhoruba inapoanza kupungua.

Mkondo wa mkia na mkondo wa pete huenda pamoja. Yote miwili, kwa aliye chini yake usiku, hupita kutoka mashariki kwenda magharibi. Umeme unaopita juu yako kwa mwelekeo huo huzaa, pale ulipo, sumaku inayoelekea kusini. Uga wa Dunia unaelekea kaskazini, kwa hiyo sehemu yake inafutwa. Ndiyo maana wakati wa dhoruba vituo vyote vilivyo karibu na ikweta huona nguvu ya sumaku ikipungua. Sindano ya dira yako haitageuka kwa namna utakayoiona, kwa sababu inaendelea kuvutwa kaskazini, ila kwa nguvu iliyopungua kidogo. Kinachoona tofauti hiyo ni chombo maalumu kiitwacho magnetometa.

Upungufu huo ndio kipimo cha dhoruba. Huitwa Dst, na hukokotolewa kila saa kutoka vituo vinne vilivyo mbali na ncha za Dunia: Kakioka nchini Japani, Honolulu katika visiwa vya Hawaii, San Juan huko Puerto Rico, na Hermanus nchini Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya upungufu hutoka kwenye pete. Mchango wa mkondo wa mkia umekadiriwa kuwa robo hivi. Katika dhoruba za wastani mkia huchangia zaidi. Katika dhoruba kali sana pete huutawala upungufu wote.

## Usiku wa Mei 2024

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, kama saa moja jioni kwa saa za Goma, wingu la kwanza kati ya kadhaa yaliyorushwa kutoka eneo moja la Jua liliigonga Dunia. Jua lilikuwa limeshazama Kivu, kwa hiyo Ntoto ilikuwa inaingia upande wa mkia. Usiku kucha mkia ulijazwa na kuachia. Kuelekea saa kumi na moja alfajiri upungufu ulifika karibu nanotesla 400. Ukilinganisha na uga wa Ntoto, ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwa sumaku ya Dunia nzima hilo ni badiliko kubwa sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 2003 dhoruba kufikia daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa katika ngazi inayotumiwa na Marekani. Mianga ya angani ilionekana hadi Afrika Kusini. Marekani, wakulima wanaoongoza matrekta kwa GPS walilazimika kusimamisha upandaji.

Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Ilikuwa rahisi kuunganisha mambo hayo mawili. Lakini chanzo kilikuwa kingine: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Hapa pana funzo ambalo kila msomaji anaweza kulitumia. Mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Kabla ya kulaumu Jua, uliza waya uko wapi, mnara una mafuta, betri ina chaji.

## Ntoto inaguswa wapi hasa?

Umeme wa nyumbani ndio mfano unaotajwa sana katika nchi tajiri, na kwa haki. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa. Lakini pale ambapo hakuna nyaya ndefu za umeme, hatari hiyo haipo. Ntoto huguswa kupitia anga, kwa njia ambazo watu wengi hawazihesabu.

Foni. Katika maeneo yenye barabara mbovu na mtandao hafifu, redio ya masafa mafupi, ambayo Kongo tunaiita foni, imekuwa njia ya kituo cha afya kuomba dawa na ya parokia kupeleka habari. Sauti yake hufika mbali kwa kurudishwa chini na ionosfera, tabaka la anga la juu lenye chembe za umeme. Mwako wa jua huongeza chembe katika sehemu ya chini ya tabaka hilo, nazo hulimeza wimbi la redio. Pigo huwa kali zaidi pale ambapo Jua liko utosini. Tarehe 6 Septemba 2017, mwako mkubwa kuliko yote ya miaka zaidi ya kumi ulifikia kilele saa nane na dakika mbili mchana kwa saa za Goma, Afrika ikiwa mbele ya Jua. Siku ya namna hiyo mwendesha foni anaweza kuparamia antena bure, kumbe chombo chake ni kizima.

GPS. Mawimbi ya setilaiti za GPS lazima yapite katika ionosfera kabla ya kufika kwenye kifaa. Chembe zikizidi, mawimbi yanachelewa, na kifaa kinakosea mahali kwa mita kadhaa au zaidi. Ikweta ya sumaku, ambayo si ileile ya ramani, inapita kaskazini yetu, karibu na Addis Ababa. Ntoto iko upande wake wa kusini, kwenye ukanda ambamo chembe hurundikana. Wakati wa dhoruba, nguvu ya umeme inayotoka mkiani hupenya mpaka ikweta kwa dakika chache tu na kuinyanyua ionosfera. Hapo mkia na kifaa kilicho mkononi hukutana. Anayepima mpaka wa msitu wa jamii Walikale, au mipaka ya kibali cha kuchimba madini, anaweza kuandika alama isiyo sahihi. Na mita chache zinatosha kuzua ugomvi kati ya familia mbili.

Ulinzi wa volkano. Kituo cha Goma kinachochunguza Nyiragongo na Nyamulagira hutumia antena za GPS za hali ya juu kuona kama ardhi imevimba au kusogea hata kwa milimita. Wataalamu wanapaswa kuondoa athari ya ionosfera kwanza, ndipo waiamini ardhi. Baada ya Mei 2021, lava ilipoteremka kuelekea Goma, hakuna anayehitaji kuelezwa umuhimu wa kipimo hicho.

Setilaiti za mawasiliano. Dhoruba hupasha moto hewa ya juu, nayo hutanuka na kuzikokota setilaiti zilizo chini. Februari 2022 dhoruba isiyo kali iliangusha hadi 40 kati ya setilaiti 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa siku hizo. Huduma hiyo iliruhusiwa Kongo mwaka 2025, kwa hiyo jambo hili linatugusa moja kwa moja.

## Yale ya kushika

- Dhoruba za anga za juu haziui mtu aliye ardhini, wala haziingii mwilini kupitia simu.
- Foni ikikatika ghafla mchana wa jua kali na vituo vyote vikanyamaza, huenda ni mwako wa jua. Jaribu masafa ya juu zaidi, kisha subiri kabla ya kufungua chombo.
- Kazi ya GPS inayohitaji usahihi ifanyike asubuhi. Saa za baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, ionosfera ya ikweta huchafuka hata bila dhoruba.
- Pima kila alama ya mpaka mara mbili, kwa siku tofauti, kabla ya kutia saini.
- Intaneti ikipotea, tafuta kwanza sababu za ardhini.

## Nani atapima?

Afrika ya Kati haikuanza jana kupima mambo haya. Kituo cha sumaku cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilianza kazi mwaka 1932, katika mwaka wa kimataifa wa uchunguzi wa ncha za Dunia. Addis Ababa imekuwa ikipima tangu 1958, karibu kabisa na ikweta ya sumaku. Hermanus inapima tangu 1941, na mwaka 2022 Afrika Kusini ilifungua huko kituo kinachofuatilia hali ya anga za juu saa 24. Onyo linalotoka pale linaweza kuwafaa marubani na wapimaji wa Kivu, mradi kuwe na mtu wa kulipokea na kulieleza kwa lugha wanayoielewa.

Na Kivu yenyewe ina cha kutoa. Antena za GPS zinazolinda volkano hupokea kila siku mawimbi yaliyopita katika ionosfera iliyo juu yetu. Kile ambacho mtaalamu wa volkano anakiondoa ili aione ardhi ndicho kile ambacho mtaalamu wa dhoruba anakitafuta. Takwimu ni zilezile. Wanaohitajika ni vijana wa vyuo vya Goma na Bukavu watakaofundishwa kuzisoma mara ya pili. Mwendesha foni wa Ntoto naye anaweza kuanza leo kwa daftari tu: tarehe, saa, masafa, sauti ilipotea wapi na ilirudi lini. Madaftari ya vituo kumi yakilinganishwa, yataonyesha ni siku gani chombo kiliharibika na ni siku gani anga lilibadilika.

Mkondo unaovuka mkia hupita juu ya ikweta kila usiku, na dhoruba kubwa itakuja tena, kwa sababu Jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Itakapokuja, ukanda wetu ndio ulio chini ya pete yenyewe. Tusiwaachie wengine peke yao kazi ya kusema nini kilipita juu ya vichwa vyetu.